Tabaka la Tatu la Mfuko wa Korosho

Ujumbe wa sauti wa mdogo wangu ulinikuta Zhanxi, soko la nguo la Guangzhou, Uchina, nimeinama juu ya rundo la mashati, nahesabu vifungo. Shati zima linatakiwa kuwa na vifungo saba mbele na kimoja cha akiba kilichoshonewa ndani, ubavuni. Nahesabu mara mbili: ya kwanza kwa macho, ya pili kwa kidole gumba, kwa sababu macho yakichoka yanasema ndiyo kwa kila kitu. Nilikuwa nimefika shati la arobaini na moja. Nikaweka simu sikioni.

"Dada, korosho zimechacha."

Basi. Ujumbe wa sekunde nne. Mdogo wangu ni mtu ambaye akitaka kukwambia mvua imenyesha, anaanza na mawingu ya juzi. Akikwambia jambo kwa sekunde nne, ujue ameshalia kwanza.

Nililipia mashati yale bila kumaliza kuhesabu. Mwenye duka alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akikataa majani.

Mdogo wangu yuko Mtwara. Ana banda la korosho lenye wanawake thelathini na wawili. Wanabangua, wanamenya, wanakaanga kwa chumvi, wanapaki. Kabla ya banda hilo, wengi wao walikuwa wanauza korosho ghafi kwa kangomba, wale walanguzi wanaozunguka na bakuli lao wenyewe, bakuli ambalo kilo yake inategemea moyo wa mwenye bakuli umeamkaje siku hiyo. Banda liliwatoa huko. Halikuwatajirisha, nisiseme uongo, lakini liliwapa mzani unaosema neno moja asubuhi na jioni.

Miaka ya mwanzo walipaki kwenye ile mifuko inayong'aa ndani kama kioo, yenye tabaka la alumini. Mfuko mzuri ule, hewa haipiti. Ubaya wake unaanza korosho zikishaliwa. Plastiki za aina mbili na alumini zimegandishwa pamoja kwa gundi, na hakuna mtu mwenye akili atakayekaa kuzibandua, kwa hiyo mfuko hauyeyushwi ukatengenezwa kitu kingine. Unatupwa. Mnunuzi wao, mwenye maduka ng'ambo, aliwaandikia kwamba mzigo unaofuata anautaka kwenye mfuko unaoweza kurejelezwa, na korosho zikae rafuni miezi sita zikiwa bado zinalia zikitafunwa. Vyote viwili kwa pamoja. Mdogo wangu akaniuliza kama Guangzhou kuna mfuko wa namna hiyo. Nikamjibu Guangzhou kuna kila kitu, kazi ni kujua kipi kipo kweli.

Mimi ni mtu wa nguo. Mwaka wa kumi na tatu huu nanunulia watu mizigo Zhanxi na Zhanqian, nafunga marobota, nasafirisha. Kuhusu plastiki nilikuwa najua mfuko wa rambo na ndoo. Ikabidi nitafute mtu wa vitabu.

Msomi wangu nilimpata Dengfeng, mtaa wenye Waafrika wengi hapa mjini, kwenye duka linalouza unga wa sembe. Binti wa bara, mwimba kwaya, yuko hapa kwa ufadhili wa masomo, mwaka wa tatu wa udaktari wa mambo ya plastiki. Nilimwona akitajiwa bei ya unga na kuilipa ile ile aliyotajiwa. Roho iliniuma kama nimeibiwa mimi. Nilimfuata nje, nikamrudisha dukani, nikamkatia bei, nikamkabidhi chenji yake. Tangu siku hiyo ananiita mama, na mimi namwita profesa ingawa hajafika huko.

Alinielezea mfuko tukiwa kwenye mgahawa, sahani zimeshaondolewa.

"Plastiki ya kawaida, mama, ile ya mfuko wa maziwa, inazuia maji vizuri. Oksijeni haiizuii. Inapita kidogo kidogo mpaka mafuta ya korosho yanaharibika. Sasa kuna plastiki nyingine inaitwa EVOH. Hiyo oksijeni haipiti. Ila ikishika unyevu inalegea."

"Kila mtu na udhaifu wake."

"Kwa hiyo unaificha katikati. Plastiki ya kawaida, gundi, EVOH, gundi, plastiki ya kawaida. Matabaka matano, yanatoka kwenye mashine kwa mara moja kama karatasi moja. Na kwa kuwa karibu mfuko mzima ni plastiki aina moja, unaweza kuyeyushwa pamoja na mifuko mingine. Mradi lile la katikati liwe jembamba."

"Jembamba kiasi gani?"

"Likizidi linaharibu plastiki inayorejelezwa. Likipungua, oksijeni inapita. Kwa mfuko wako, kama maikroni sita hivi. Unywele wa mtu unalizidi unene kama mara kumi."

"Kwa hiyo lina bei ya juu na bei ya chini."

Alicheka. "Ndiyo, mama. Ila hiyo haipunguzwi."

Nilimwambia kila kitu kinapunguzwa. Naandika hapa nilivyosema, nisije nikajipamba baadaye.

Kiwanda tulichokipata kiko nje ya mji: metro mpaka kituo cha mwisho, halafu basi, halafu miguu. Laoban ni mwanamke wa rika langu. Laoban ni bosi, mwenye mali. Hata sisi kwa sisi siku hizi tunaitana hivyo kwa utani. Alikuwa na chupa ya maji moto upande mmoja na kikokotoo upande mwingine, na alivishika vyote bila kuvitazama. Nilipenda namna alivyokaa. Kichina changu ni cha sokoni, kinajua bei, kukataa na kusifia watoto wa watu; yaliyobaki tuliyasema kwa simu inayotafsiri.

Walitutengenezea mifuko ya mfano. Profesa akaipeleka maabara ya chuo, akaifunga kwenye mashine inayopima oksijeni inayopita kwa siku. Ikafaulu. Mdogo wangu alipopokea mifuko yake alijaza korosho, akaiweka juani kwa makusudi, akafungua baada ya wiki kadhaa, akanitumia sauti ya kutafuna tu, krach krach, bila neno.

Hapo ndipo tulipofika kwenye bei ya mzigo wenyewe.

Laoban alitaja yake. Nikasema tai gui, ghali mno, maneno ambayo nikifa nadhani mdomo wangu utayasema mara mbili zaidi wakati wa kuoshwa. Akashusha kidogo. Nikataka ishuke mao moja zaidi, yaani sehemu ya kumi ya yuan kwa kila mfuko. Akatikisa kichwa. Nikafunga pochi, nikasimama, nikaelekea mlangoni.

Kuondoka nako ni sehemu ya biashara. Kila mnunuzi wa hapa ana mwendo wake. Mimi nahesabu hatua. Zhanxi wauzaji huniita nirudi nikifika hatua ya saba, au ya tisa kama duka lina wateja. Kuna mmoja aliniacha nikafika mpaka kwenye lifti, akaja mbio mlango ukiwa unafunga. Laoban wa mifuko aliniita hatua ya tatu.

"Haya, rafiki. Mao moja."

Hatua ya tatu. Mimi, mtu ninayehesabu vifungo mara mbili, nilisikia kuitwa hatua ya tatu nikafurahi. Sikujiuliza.

Nilijiona nimejilinda. Kwenye mkataba niliandikisha unene wa mfuko: maikroni mia moja na ishirini, isipungue. Nilinunua maikromita yangu mwenyewe, kidude cha kushika mkononi kinachobana plastiki na kusoma unene wake. Mzigo ulipotoka nilichomoa mifuko hamsini kutoka maboksi tofauti, nikapima kila mmoja mara mbili. Mia na ishirini. Mia na ishirini. Mia na ishirini na moja. Mfanyakazi wa stoo alikuwa ananitazama anakula mbegu za alizeti, anatema maganda, anatikisa kichwa kwa heshima. Nikasafirisha.

Miezi minne baadaye ndipo zikaja zile sekunde nne.

Nilimpigia mdogo wangu nikiwa nimesimama juu ya daraja la waenda kwa miguu la Xiaobei, mahali ambapo kila mtu anapiga kelele na hakuna anayekusikiliza. Alinieleza. Mnunuzi alifungua maboksi kwenye ghala lake, akanusa. Korosho zilikuwa na harufu ya mafuta ya kale. Mzigo mzima umekataliwa. Amewapa nafasi ya mzigo mmoja mdogo wa majaribio kabla hajapanga bidhaa za msimu. Ukiharibika na huo, rafu inapewa mtu mwingine.

"Umeziba vibaya," nilimwambia.

Sikumpa nafasi.

"Hiyo mashine yako ya kuziba mliizoesha mifuko ya alumini. Plastiki hii haitaki moto ule. Profesa alisema. Mmeiunguza ikaacha tundu."

"Dada, profesa alinipigia mwenyewe mwanzo kabisa akaniambia nipunguze moto. Nilipunguza."

"Mmepunguza siku ya kwanza mkasahau ya pili."

"Nimetia maji yenye rangi kwenye mifuko ishirini. Nimeiziba, nimeilaza kichwa chini kutwa nzima juu ya karatasi nyeupe. Hakuna tone lililotoka. Nikuchukulie picha?"

"Chukua."

"Nimeshachukua. Nilijua utasema." Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya chini: "Juzi wamekuja kangomba wawili, wamekaa kwenye benchi pale nje ya banda. Hawaulizi kitu. Wamekaa tu, wanaongea na kina mama wakitoka."

Nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Ulikuwa ule msimu wa Guangzhou ambao kuta zinatoka jasho. Mwanzoni mwa masika hewa yenye unyevu inaingia majumbani, sakafu inalowa yenyewe, nguo ulizofua haziamui kama zikauke au zirudi majini. Kila kitu nilichoshika kilikuwa na ubaridi wa samaki. Nilichukua mfuko mmoja wa mfano uliobaki kwangu na mmoja wa mzigo, nikaenda chuoni kwa profesa. Bado nilikuwa na hakika mwenye kosa ni mdogo wangu. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kumkaripia kwa upole.

Profesa alikata kipande chembamba kwenye kila mfuko kwa wembe maalumu, akakisimamisha kwa ubavu, akakidondoshea ayodini, ile ile dawa ya vidonda. "Plastiki ya kawaida haishiki rangi," alisema. "EVOH inashika. Tutaona mstari wa kahawia katikati." Akaweka kipande cha kwanza chini ya darubini, akaniachia nafasi.

Kule ndani niliona ukuta wa ukungu, na katikati yake mstari wa kahawia ulionyooka kama upindo wa kanga. Nilipenda. Sijui kwa nini nilipenda, lakini nilikaa pale nikiutazama.

"Huo ni wa mfano. Sasa huu wa mzigo."

Niliangalia. Ukuta ule ule. Mstari niliutafuta.

"Upo, mama. Tulia. Katikati."

Ulikuwepo, ila kama uzi uliochomoka kwenye nguo, mahali pengine unaonekana, mahali pengine unahisi tu kwamba unaonekana. Profesa akapima. Wa mfano, maikroni sita. Wa mzigo, mbili, na sehemu nyingine hazifiki. Plastiki ya kawaida pande zote mbili ndiyo iliyonenepeshwa kufidia, ndiyo maana jumla ilikuwa mia na ishirini. Maikromita yangu haikusema uongo. Ilijibu swali nililoiuliza.

"Pima tena," nilisema.

"Nimepima mara mbili. Nilijua utasema."

Siku ile kila mtu alikuwa anajua nitasema nini, isipokuwa mimi.

Nilirudi kiwandani siku iliyofuata. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa na hotuba nzima ya Kichina cha sokoni, yenye matusi mawili niliyojifunza kwa wabeba mizigo. Laoban alinipokea, akanimiminia maji moto, nikamwekea mezani picha mbili za darubini. Alizitazama kwa muda. Hakuruka, hakukana. Aliongea kwenye simu yake, na simu ikasema kwa Kiswahili chake kilichokauka:

"Wewe ulitaka bei ishuke. Bei ilishuka. Wewe ulitaka unene. Unene upo."

"Hukuniambia umeipunguza wapi!"

"Hukuniuliza."

Nikafungua mdomo nianze hotuba. Akanyoosha kidole kwenye begi langu, ambalo lilikuwa na mashati matatu ya sampuli yamechungulia. Hakuhitaji simu. Alisema polepole, kwa Kichina ambacho hata mimi ninakielewa: "Shati unajua. Mfuko hujui?"

Alikuwa amenipata. Sokoni kwetu bei haishuki hivi hivi. Ukikata bei ya shati, inatoka mahali: kifungo cha akiba kinapotea, au mishono inakaa mbali mbali, au kitambaa cha ndani ya kola kinakuwa karatasi. Muuzaji haoni kama amekuibia. Umemwomba apunguze, amepunguza. Mnunuzi anayejua kazi, bei ikishakubalika, anauliza swali moja zaidi: imetoka wapi? Mimi nimewafundisha wageni wangapi swali hilo. Nimewasimamisha madukani nikawaonyesha kwa kidole. Siku ya mifuko sikuuliza, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuangalia. Plastiki ilikuwa angavu, safi, na mtu ameniita hatua ya tatu.

Nilikaa. Hotuba iliisha yenyewe. Nilihisi uchovu wa miaka kumi na tatu ukishuka kutoka shingoni mpaka kwenye viatu, na nikanywa maji moto, kitu ambacho sikipendi.

Mawazo mabaya yalinijia pale. Kwamba mfuko huu tunaouhangaikia, mtu akishamaliza korosho zake atautupa na vingine vyote. Kwamba huko kwetu waokota taka wanachukua chupa na vyuma, mifuko laini wanairuka. Pengine siku moja watauchukua, pengine hapana. Kwamba mimi ni muuza nguo. Lakini kule Mtwara kulikuwa na benchi lenye watu wawili wamekaa, na benchi lile halikujali mawazo yangu.

"Rudisha sita," nilimwambia. "Isiwe nane, isiwe nne."

Alibonyeza kikokotoo, akanionyesha. Bei ilikuwa imepanda kupita mahali ambapo banda la mdogo wangu lingeweza kununua mfuko na bado likabaki na cha kuwalipa wabanguaji. Nilimwamini. Safari hii niliuliza kila kipande kimetoka wapi, na kila kipande kilikuwa mahali pake.

Nilichukua mfuko mmoja mtupu nikawa nauchezea tu, kama mtu anayekunja risiti. Nikaukumbuka ukiwa na korosho ndani. Korosho zinafika hapa, kidogo juu ya nusu. Halafu kuna utupu mpaka kwenye mkanda wa kufungia, halafu mkanda, halafu ukingo wa juu wa bure wenye tundu la kutundikia ambao hakuna aliyewahi kuutundika. Mdogo wangu ndiye aliyetaka mfuko mrefu, kwa sababu kwetu mfuko mkubwa unaheshimika. Nilipima utupu ule kwa vidole. Vitatu. Nikapima tena. Vitatu.

Tulikuwa tunanunua plastiki ya kuzungushia hewa, hewa yenyewe ina oksijeni, halafu tunataka kulipa kuizuia oksijeni isiingie ilhali tumeipaki wenyewe.

Nilikunja mfuko mahali pale, nikamsogezea laoban. "Kata hapa. Tundu ondoa. Mkanda ushuke."

Alimwita fundi wake, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Fundi akaukunja na kuukunjua, akanung'unika, akauweka chini ya rula, akasema kitu. Laoban akabonyeza kikokotoo. Plastiki iliyookolewa ililipa karibu tabaka lote la tatu. Karibu, si lote. Ilibaki tofauti ndogo, ile ndogo ambayo miaka yote nimeishi kwa kuikata.

Alinionyesha namba, akangoja. Akashika chupa yake ya maji, amekaa mkao wa kungoja tai gui.

"Sawa," nilisema.

Akanitazama. Akaangalia kikokotoo chake kama amejikosea. Akahesabu upya mbele yangu, taratibu, akanionyesha tena.

"Sawa," nilisema. "Sikati. Ila tunaandika."

Tukaandika: tabaka la tatu, maikroni sita. Kipande kikatwe mwanzo na mwisho wa kila rola, kipakwe ayodini, kipigwe picha, picha itumwe kwa profesa kabla rola halijakatwa mifuko. Laoban alilisoma lile sharti mara mbili. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, akaniambia kwa simu kwamba mteja asiyekata bei anamtia wasiwasi kuliko anayekata. Nilipotoka alinisindikiza mpaka getini, jambo ambalo hakulifanya siku niliyojiona mshindi.

Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Nilimpigia mdogo wangu kesho yake mchana, saa ambayo kwao ni asubuhi na banda halijaanza kelele.

"Mfuko utakuwa mdogo," nilianza. Mjinga huanza na lililo jepesi.

"Mdogo? Dada, watu watasema tumepunguza korosho."

"Korosho ni zile zile. Tumepunguza hewa."

"Watapima kwa macho."

"Waandikie gramu kubwa kubwa mbele. Sikiliza." Nje ya dirisha mtu alikuwa anavuta mkokoteni wa marobota, gurudumu moja linalia. Nilisubiri apite. "Mashine yako haina kosa. Moto wako haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekata bei ya mfuko, na bei ilikatwa kwenye lile tabaka la ndani. Sikuuliza. Nikaja nikakulaumu wewe."

Nilisikia kwa mbali mtu anafagia maganda.

"Ulikata kiasi gani?" aliuliza.

"Mao moja."

"Ni ngapi hiyo kwa kwetu?"

Nikamwambia kwa shilingi. Akasema tu mama mmoja anamwita, akakata. Sikumlaumu. Na mtandao wake najua ulikuwa mzuri.

Baada ya hapo akawa ananitumia maandishi. Boksi limefika. Moto tumeweka kama alivyosema profesa. Mzigo umeondoka. Maneno matatu, manne, yenye nukta mwishoni kama barua ya benki. Profesa alinitumia picha za mistari ya kahawia, rola baada ya rola, na mimi nilizitazama zote, nazikuza kwa vidole viwili nikiwa kwenye foleni, kwenye metro, mezani. Wenzangu wa mgahawa waliniuliza kama ni picha za mimba ya mwanangu. Nilisema ndiyo.

Wiki zilipita. Kuta ziliacha kutoka jasho, joto lenyewe likaja. Niliendelea na mashati.

Siku ujumbe ulipofika nilikuwa tena Zhanxi, duka lile lile, mwenye duka yule yule ameshanisamehe. Niliangalia simu. Ujumbe wa sauti, dakika sita na sekunde kumi na nane. Nikakaa juu ya robota.

Ulianza hivi: "Dada, juzi kulikuwa na mawingu upande wa baharini, nikasema haya leo yananyesha, nikamwambia mama mmoja atoe yale maturubai, si unamjua yule mwenye mguu, sasa yeye..."

Aliongea mawingu dakika mbili nzima. Turubai likapasuka. Likatafutwa jingine. Mwenye turubai jingine akawa na msiba, ikabidi waende kwanza msibani. Mahali fulani dakika ya nne, kati ya msiba na bei ya sukari, alisema mnunuzi amefungua mifuko, amezionja korosho, ameagiza, ila nusu ya alivyokuwa akiagiza zamani, na kwa msimu mmoja kwanza. Kwamba kina mama watano wamesharudi kwa kangomba na hajui kama watarejea; amewaendea wawili, amekuta wamechukua malipo ya mbele. Kwamba wateja wa sokoni wanasema mfuko mdogo ni wa uchoyo. Halafu akarudi kwenye sukari.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikasikiliza tena.

Mwenye duka aliniuliza nimefika wapi na mashati. Sikukumbuka. Nikalivuta rundo, nikaanza tena kwenye shati la kwanza.